Mwaka Tuliozipanga Filamu za Bwana Shuka

Nilifika Isiolo siku chache baada ya Mama Rukia kuzikwa. Kwa Waislamu maziko hayacheleweshwi, nami nilikuwa mbali. Lakini umbali si udhuru wa kweli. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiambia kwamba mwezi ujao nitakwenda kumwona, na miezi hiyo ikapita yote. Kwa hilo sina utetezi. Nilivua viatu mlangoni, nikasema salaam aleikum kama alivyonifundisha mwenyewe, nikaketi mkekani karibu na Ekai, rafiki yangu wa ujana, ambaye kichwa chake sasa kimekuwa cheupe chote. Tulipewa chai ya maziwa ya ngamia yenye ile harufu ya moshi wa kibuyu, na sahani ya nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo sana na kukaangwa hadi ikakauka. Kando ya dirisha wajukuu wa marehemu, vijana wakubwa wenye simu mikononi, walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu zile filamu za siku hizi za mashujaa wanaoruka angani, zile zinazotolewa mwaka baada ya mwaka bila kwisha. Walikuwa wakizipanga, ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. "Ile ya pili ni takataka," mmoja alisema. "Takataka ni wewe," mwenzake akamjibu, "bila ya pili hungejua alitoa wapi nguvu." Ekai aliweka kikombe chini, akanitazama, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilijaribu kuangalia ukutani. Haikusaidia. Wazee wawili tulicheka msibani mpaka binti wa marehemu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na Ekai akamwambia, "Tumemkumbuka mama yako na Bwana Shuka." Binti huyo alikuwa bado anabebwa mgongoni mwaka huo ninaotaka kuusimulia, lakini alicheka pia, kwa sababu alilelewa na hadithi yake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi mjini na cheti kimoja na Kiingereza kingi, na kwa sababu hiyo watu waliacha kuniita Kirimi wakaanza kuniita Fomu Foo. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokubali. Mama Rukia alikuwa mjane mwenye jumba la sinema, kama unaweza kuliita jumba: kuta za mabati, paa la mabati, sakafu ya udongo uliomwagiwa maji kila alasiri ili vumbi litulie, na mabenchi ya mbao yaliyowahi kuwa ya kanisa fulani. Kitambaa cha kuonyeshea picha alikishona yeye mwenyewe kwa marekani nyeupe, na mshono wake ulipita katikati, kwa hiyo kila mtu aliyeonekana pale alikuwa na kovu kutoka paji la uso hadi kidevuni. Upande wa kulia palitundikwa turubai refu, na nyuma yake wanawake waliketi wakaona kila kitu bila kuonwa. Ekai ndiye aliyeendesha mashine ya sinema na jenereta. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kitambaa na kuwaambia watu kinachosemwa, kwa Kiswahili, na pale nilipoweza, kwa Kiborana nilichookota barabarani. Nilikuwa mdomo wa kila mtu: mwizi, polisi, mchumba, farasi. Mchana, kabla ya kazi, tulikula kwa Mama Rukia, nyuma ya jumba, kwenye chumba kilichokuwa jikoni, stoo na ofisi kwa pamoja. Wali wake ulikuwa na mafuta mengi na maneno mengi. "Kula, Fomu Foo," angesema, "Kiingereza hakishibishi."

Filamu zilikuja kutoka Nairobi kwa basi, ndani ya mikebe ya bati, na katika zote hakuna zilizopendwa kama za Bwana Shuka. Zilikuwa filamu za nje, za mtu mwenye nguvu anayeruka angani na kitambaa chekundu kikimpepea mgongoni. Jina lake la Kiingereza lilikuwepo, lakini watu waliona shuka, wakamwita Bwana Shuka, na tangu hapo hata mikebe niliiandika hivyo kwa chaki. Filamu zenyewe pia zilipewa majina ya nyumbani. Kulikuwa na Ya Treni, ambapo anasimamisha gari la moshi kwa kifua. Kulikuwa na Ya Moto, yenye jengo refu linaloungua. Kulikuwa na Ya Barafu, inayotokea mahali ambapo hata pumzi inaganda, na watu wanazungumza sana. Kulikuwa na Ya Mto, ambapo tajiri mmoja ameuziba mto kwa ukuta ili watu wa chini wakose maji, na Bwana Shuka anaubomoa. Na kulikuwa na Ya Ng'ombe. Hiyo ina mafuriko, na katika mafuriko hayo kundi zima la ng'ombe linazama, na Bwana Shuka anapita juu yao bila hata kuinamisha kichwa, kwenda kumwokoa mtu mwenye suti na sanduku lake la chuma. Zilikuja bila mpangilio kwa miaka kadhaa. Ya Barafu, ambayo mwishoni anakufa, ilitangulia zote, kwa hiyo alipotokea tena katika Ya Treni akiwa mzima watu walikubaliana kwamba huyo ni ndugu yake, na hakuna nilichosema kilichobadilisha jambo hilo.

Ubishi wa ipi ni bora haukuwa na mwisho. Ulianza asubuhi kwenye kibanda cha chai, ukaenda sokoni, ukarudi jioni na watu wapya. Ekai alikuwa mtu wa Ya Treni. Mimi nilikuwa mtu wa Ya Barafu, na sababu yangu, nakiri, ni kwamba ilikuwa na Kiingereza kirefu ambacho mimi peke yangu nilikielewa.

"Ya Barafu ni picha ya kulala," Ekai aliniambia siku moja mbele ya kibanda kizima. "Watu wanaongea, wanaongea, moshi inatoka mdomoni. Hata jenereta ilisinzia."

"Wewe huelewi kwa sababu huelewi lugha."

"Na treni ilihitaji lugha gani? Ilikuja, akasimama, ikasimama. Kwisha."

"Hiyo ni akili ya mtu wa mashine."

"Na hiyo yako ni akili ya mtu anayependa kusikia yeye mwenyewe. Ongeza huyu chai, koo imekauka kwa maringo."

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini nilikwenda nyumbani nikitafuta jibu. Nikitazama nyuma naona nilikuwa na kasoro hiyo tangu mwanzo, ya kutaka kila ubishi uishie kwangu. Baadaye maishani iliniharibia kazi moja na urafiki zaidi ya mmoja. Wakati ule ilikuwa ndogo tu, na Ekai aliijua, akaichezea kama mtu anavyochezea sikio la mbwa.

Shida ilikuja na shemeji wa Mama Rukia, Hajji Abdi, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, na kiwanja kile kilikuwa cha familia. Alikuja mchana mmoja tukiwa tunakula, akakataa kiti, akakubali maji. Mimi na Ekai tulijifanya kushughulika na mikebe ili tusikie. Alisema ngozi zake zinalala nje na mvua itaziharibu, jumba linakaa tupu siku nyingi za juma, na si vizuri mke wa ndugu yake kuonekana mlangoni pa sinema. Mama Rukia alimsikiliza hadi mwisho. "Shemeji," akamwambia, "ngozi hazina watoto. Mimi ninao." Kisha akasema kwamba hili jumba ndilo linalowalisha, na kwamba si tupu, ila linasubiri picha nzuri. Hajji alimaliza maji yake. "Haya," akasema. "Sikukuu ya Idi, onyesha hiyo picha yako nzuri. Nitakuja mimi mwenyewe nisimame mlangoni. Jumba likijaa, sitatia neno tena, nimemaliza. Lisipojaa, juma hilohilo nitaingiza ngozi." Alipoondoka, Mama Rukia alikaa juu ya gunia la mchele na kututazama kama anayewapima mbuzi. "Mmesikia," akasema. "Sasa niambieni ni picha gani. Na msiniambie mnayoipenda nyinyi."

Mwenye filamu wa Nairobi angetuma moja tu kwa sikukuu, na tulipaswa kumwambia mapema. Ilibidi tujue, kwa kweli, watu wa Isiolo wanaipenda ipi, na si wa mjini tu, bali na wale ambao siku ya Idi wangekuja kwa malori kutoka Kulamawe na Garbatulla. Tulijaribu kuuliza kwa mdomo. Haikufaa hata kidogo. Vijana walimfuata aliyepiga kelele zaidi, na hakuna mwana aliyetaka kumpinga baba yake mbele za watu. Baba akisema Ya Moto, ukoo mzima ulikuwa Ya Moto. Aliyetupa dawa ni mzee aliyeitwa Wako, dalali wa mnada wa mifugo, Mborana mrefu aliyekuwa akija kila filamu na kukaa benchi la kwanza na fimbo yake kati ya magoti. "Kijana, nyinyi mnauliza kama watoto," aliniambia. "Kwa mnada, mimi na mwenye ng'ombe tunashikana mikono chini ya shuka. Vidole ndiyo inaongea. Aliyesimama karibu hajui, ndugu yake hajui. Hapo mtu anasema kweli. Fanya hivyo na picha zako." Kila mtu wa Isiolo ameyaona mashuka hayo mnadani, watu wawili wakitazamana bila kusema neno, mikono imefichwa, na ghafla mmoja anacheka au anakasirika. Mimi pia nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote. Ila sikuwa nimewahi kuuza wala kununua hata kondoo.

Basi kwa siku kadhaa nilikaa nje ya jumba na shuka la kuazima mkononi. Mtu alikuja, nikaingiza mkono chini, nikamtajia filamu moja baada ya nyingine, naye kwa kila moja akanishika vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne, au kiganja chote. Lilikuwa jambo la ajabu, na sijapata kulisahau. Wanaume ambao kwa miaka walikuwa wakinipigia kelele walikaa kimya, na mikono yao, migumu, mingine yenye makovu ya kamba, iliniambia mambo polepole. Wazee walifumba macho kwanza, wakaikumbuka filamu, ndipo wakashika. Upande wa wanawake alikaa Mama Rukia na leso yake akifanya vivyo hivyo, kwa sababu isingekuwa adabu mimi kuwashika mikono. Nilipojumlisha ubaoni nilipigwa na butwaa. Kidole kimoja nilikisoma kuwa ya kwanza, viwili ya pili, na kuendelea hadi vitano, ya mwisho, kama tulivyopangwa shuleni baada ya mitihani. Na wanaume karibu wote walikuwa wamenishika kidole kimoja kwa Ya Ng'ombe, na kiganja chote kwa Ya Mto.

"Ya Ng'ombe?" Ekai aliuliza. "Ile waliizomea mpaka nikaogopa mashine?"

Nilikuwa na maelezo tayari. Siku hizo sikukosa maelezo. Nilimwambia wafugaji wanapenda kuona ng'ombe, hata ng'ombe wa picha, hata anayezama. Nilimwambia walizomea kwa sababu walishikwa moyoni. Na Ya Mto, nikasema, imekuwa ya mwisho kwa sababu watu wa nchi kavu hawataki kwenda sinema kukumbushwa kiu. Ekai alikuna shingo, akasema ubaoni mimi ndiye mkubwa. Mama Rukia alipoleta hesabu yake ilikuwa kinyume kabisa: kwa wanawake Ya Mto ilikuwa juu na Ya Ng'ombe chini. Aliniangalia. "Mbona yangu na yako hazisalimiani?" Nikamjibu kwa ujasiri, Mungu anisamehe, kwamba wanawake ndio wateka maji, ni kawaida wapende mambo ya maji, lakini wanaume ni wengi zaidi jumbani. Alikuwa amezaliwa kwenye biashara ya mifugo mama yule, na angeniuliza swali moja tu yote yangefunuka. Hakuuliza, kwa sababu mimi nilisoma. Ya Ng'ombe ikaagizwa.

Swali lile ambalo hakuniuliza nimelifikiria mara nyingi kuliko ninavyofikiria makosa yangu mengine, na mengine yalikuwa makubwa zaidi. Nilikuwa na majibu mawili mbele yangu yasiyopatana, na badala ya kujiuliza kama nimesoma vibaya, nilitunga sababu ya kuyapatanisha. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo katika ofisi zenye mazulia. Nimefanya hivyo mwenyewe, na watu wakaumia. Lakini mwaka ule, sijui kwa huruma ya nani, kosa lilinirudishia zaidi ya nilichostahili.

Idi ilifika. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa mablanketi ili tuonyeshe alasiri, na Ekai alikuwa amechora ubao mkubwa wa tangazo: Bwana Shuka juu, ng'ombe wenye pembe ndefu chini, maji ya buluu. Mji wote ulinukia pilau. Malori yakaingia na watu wamekaa juu, vikoi vipya, leso mpya, watoto wamepakwa mafuta usoni mpaka wanang'aa. Waliteremka, wakaja mpaka kwenye ubao, wakasimama. Hakuna aliyeingia. Nikasikia mtu akisema, "Huyu tena?" Mwingine, "Si ni ile ya yule mjinga?" Kisha kicheko, kile kibaya, na baadhi yao wakaanza kugeuka kuelekea kwenye vibanda vya soda. Mlangoni Hajji Abdi alisimama na kanzu yake nyeupe. Ndani hapakuwa na hata benchi moja lililojaa. Mama Rukia alikuwa ameshika pazia la mlango kwa mkono mmoja, na niliuona ule mkono ukikaza.

Mzee Wako alikuja moja kwa moja kwangu. "Kijana. Nani aliambia wewe ulete hii?"

"Nyinyi, Mzee. Kwa vidole."

"Mimi? Mimi nilishika wewe kidole moja!"

"Ndiyo. Ya kwanza."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa punda akiwa amenunua ngamia. Kisha akageukia wenzake na kusema kwa Kiborana, polepole, na kicheko kikaanza kutoka mbele kwenda nyuma kama moto kwenye nyasi. "Kidole moja," akaniambia kwa Kiswahili, akikiinua hewani ili kila mtu akione, "ni bei ya mbuzi mgonjwa! Mbuzi mgonjwa, wa mguu mitatu! Mkono yote ndiyo bei ya fahali! Fomu Foo, wewe umepindua mnada!"

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, hesabu yangu na ya Mama Rukia, na ubao mzima wenye kichwa chini, miguu juu. Mikebe ya Ya Mto ilikuwa Nairobi. Nilipanda kwenye pipa tupu la dizeli, nikasema kwa sauti kwamba kosa ni langu, si la Mama Rukia, wala si la Ekai, kwamba nilisoma vidole vyao kama mtihani wa shule. Walicheka zaidi. Mtu akapaza sauti, "Na hiyo mtihani ulipita kweli?" Nikajibu kwamba sasa hata mimi nina wasiwasi. Lakini kucheka si kuingia. Malori yalikuwa bado yanapumua, na Hajji alikuwa anatazama saa.

Ndipo Mzee Wako akagonga ubao kwa fimbo, juu ya kifua cha Bwana Shuka. "Mimi naingia," akasema. "Mara ya kwanza huyu mtu alipita ng'ombe ya watu, mimi nilizomea tu kama mtoto, nikaenda nyumbani nimekasirika. Leo nina maneno na yeye." Akainama, akaingia. Kwa muda mfupi hakuna aliyefuata. Kisha mzee mwingine akasema, "Wako asiende peke yake," akaingia. Vijana wakaona kwamba ndani kutakuwa na ugomvi kati ya Mzee Wako na mtu wa kitambaani, na hakuna kijana wa Isiolo ambaye angekubali kusimuliwa jambo kama hilo. Mlango ukawa mwembamba. Wanawake wakapita upande wao wakisukumana na kucheka. Mabenchi yakajaa, sakafu ikajaa, watu wakasimama ukutani mpaka mabati yakalia, na Hajji Abdi mwenyewe alisukumwa ndani na umati na kujikuta amekaa kati ya wachunga ngamia wawili wa Garbatulla.

Filamu ilianza. Nilisimama mahali pangu nikawa mdomo wa watu wote kama kawaida. Mafuriko yakaja, ng'ombe wakaanza kuelea, Bwana Shuka akatokea angani na kupita juu yao, na hapo hapo rili, gurudumu la filamu, ikaisha. Tulikuwa na mashine moja tu. Kubadilisha rili kulimtaka Ekai azime mashine na kuwasha taa. Balbu ikawaka, kitambaa kikawa cheupe, na Mzee Wako alikuwa amekwisha kusimama.

"Wewe," aliniambia. "Wewe ndiye mdomo yake. Jibu. Aliona ng'ombe au hakuona?"

Nikatazama huku na huku, nikaona hakuna pa kwenda. "Aliona, Mzee."

"Aliona. Mmesikia, anakubali. Alikuwa na nguvu ya kubeba?"

"Alikuwa nayo. Alisimamisha treni."

"Hiyo alikuwa ndugu yake!" mtu akasahihisha kutoka nyuma.

"Sasa alipita kwa nini?"

"Alikuwa na haraka, Mzee. Kulikuwa na mtu."

"Mtu na nini?"

"Na… sanduku."

Kelele zilizolipuka hapo zilisikika, naambiwa, mpaka mtaa wa Chechelesi. Kutoka nyuma ya turubai sauti ya mwanamke ikapenya zote: "Na mwenye hao ng'ombe ana watoto! Watoto watakunywa sanduku?" Ilikuwa sauti ya Mama Rukia. Nikamtetea Bwana Shuka kadiri nilivyoweza. Nilisema yeye ni mtu wa mjini, hajui thamani ya ng'ombe. Walisema kutojua kunasamehewa mara moja, na hii ilikuwa mara ya pili anawapita. Nilisema shuka lake lilikuwa limelowa. Walinizomea kwa furaha kubwa. Ekai alikuwa ameshafunga rili mpya zamani lakini hakuwasha. Alikaa juu ya sanduku la mashine amekumbatia magoti, anafaidi. Mwishowe wazee wa benchi la mbele waliinamisha vichwa pamoja, wakanong'ona, na Mzee Wako akatoa hukumu: Bwana Shuka ana hatia, na atawalipa wafugaji faini ya mitamba. Na hapo Hajji Abdi, mtu mpole wa sauti, akainuka kati ya wachunga ngamia, kanzu imekunjamana, akapaza sauti, "Na ngozi! Ng'ombe waliokufa wana ngozi! Ngozi anamlipa nani?" Jumba zima likaanguka kwa kicheko. Mimi niliegemea kitambaa, machozi yananitoka. Faini ikaongezwa ngozi.

"Sasa atalipa lini?" Mzee Wako akaniuliza.

Na jibu likanijia, sijui kutoka wapi, likiwa kamili. "Jumamosi ijayo," nikasema. "Hapa hapa. Mitamba hana. Atalipa maji. Katika Ya Mto."

Watu wa Kulamawe waliondoka wakisema watarudi kumwona akilipa, na Ya Mto ilipofika kwa basi wakarudi, na wakaja na wengine. Nilikuwa nimezipanga filamu kinyume, na kwa kinyume hicho tulikuwa tumeanza na deni na tukaenda kwenye malipo. Hakuna mpango wa busara ambao ungetupa mambo kwa uzuri huo. Hajji Abdi alikuja mapema Jumamosi hiyo. Nilikuwa jikoni na Mama Rukia alipoingia, akasema bila kukaa, "Shemeji, neno langu nimelimaliza. Jumba ni lako." Kisha akauliza kama anaweza kupata nafasi benchi la mbele. Mama Rukia alimpa sahani ya wali kwanza. Hajji alipotoka, mama yule alisimama katikati ya chumba kile cha masufuria na mikebe na kujifuta uso kwa ncha ya leso, mara moja tu, kisha akaniambia niache kusimama kama mlingoti, nikamsaidie Ekai.

Katika Ya Mto ukuta unabomoka karibu na mwisho. Bwana Shuka anausukuma kwa mgongo, ufa unatokea, tone moja, kisha mkondo, kisha mto wote unashuka bonde kavu na kuijaza skrini. Watu walisimama. Wanawake walipiga vigelegele mpaka turubai likatikisika, na wazee walioketi mbele wakainua fimbo. Niligundua kwamba nimenyamaza. Maji yalikuwa yakisema yenyewe, hayakuhitaji mdomo wangu, nami niliondoka kando ya kitambaa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nikaenda kujibana kwenye benchi kati ya watu nitazame kama wao. Filamu ikaisha. Taa ikawaka. Hakuna aliyetoka. Walikaa wakitazama marekani nyeupe yenye mshono katikati, na ndipo Mama Rukia, ambaye dizeli ya jenereta aliipima kwa kikombe, akatoka nyuma ya turubai mbele ya wanaume wote, mtoto mgongoni, akampigia Ekai kelele:

"Rudisha maji!"

Na Ekai akaizungusha rili nyuma, akayarudisha.